Mto Tulioukata Mshazari

Zuhura mwanangu,

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, maana wiki hii kila kitu nilichokianza kwa haraka nimekifumua. Umelala chumba cha pili, nakusikia ukijigeuza, na begi lako liko mlangoni. Ya chakula, ya kufua, ya kutolala na simu mkononi nimekwisha kuyasema mpaka umenichoka. Hapa siyarudii. Barua hii nataka uisome ukishakaa kwenye treni na mlango umefungwa, usiweze kushuka. Ndiyo maana naiweka chini ya mfuko wa maandazi. Nakujua, hutafika Dodoma bila kuyagusa.

Nataka kukupa habari za blanketi. Leo mchana hukuwepo, ulikwenda Kilangali kumsalimu shangazi yako, na uliporudi ulilikuta limekunjwa na kufungwa kamba. Ukaniuliza, "Mama, limekaa?" Nikakujibu limekaa. Hukuuliza limekaaje, nami sikuwa na mdomo wa kukueleza mbele ya baba yako. Sasa nitakueleza.

Unakumbuka siku tuliyokwenda Mikumi kupima ukuta. Yule mama mwenye hoteli alitupa soda, akatuingiza ukumbi wa kulia chakula, akatuonyesha ukuta mweupe mrefu usio na kitu. Akasema anataka kwilti. Bonde zima liwe pale, kuanzia Kilosa mpaka Mikumi, lishonwe kwa nguo walizovaa watu wa huku wenyewe. Nimeshona sare za shule na magauni ya harusi miaka mingi, lakini neno hilo lilinipita. Wewe ndiye uliyenieleza njiani tukirudi, kwa picha za kwenye simu. Juu vipande vya mapambo, katikati pamba, chini bitana, halafu mshono unapita kila mahali kuvishika vyote vitatu. Nikasema, "Kumbe blanketi." Ukasema, "La ukutani, mama." Jioni Bi Tatu alivyosikia, kule uani kwake akapaza sauti majirani wote wamsikie, "Ukuta wa Mikumi unaona baridi?" Tangu siku hiyo likabaki na jina hilo, blanketi la ukutani.

Watu walitoa nguo kwa moyo. Kila nyumba ya upande wetu ilileta kipande, nasi tukashona kila kipande pale nyumba ilipo. Bi Tatu alitoa khanga ya mama yake, akasema nyumba yake iwe kubwa kuliko ya balozi wa nyumba kumi. Reli tuliishona kwa kitambaa cheusi cha buibui langu la zamani. Tembo tukawaweka chini kabisa, upande wa Mikumi. Yule mama alipokuja kuangalia kazi ilivyofika akauliza, "Sasa mama, mbona mto mkubwa kuliko tembo?" Wewe ukamjibu kwa adabu, "Tembo tunawaona mara moja moja, shangazi. Mto tunalala nao." Alicheka sana. Mimi sikucheka.

Nyumba yetu ndiyo niliyoishona kwa mkono, polepole. Paa nilikata kwenye shati la kaki la baba yako, lile alilovaa akiwa kwenye gengi la mafundi wa reli. Kuta ni khanga niliyofungwa siku ya harusi yangu. Mlango ni mtandio wako wa madrasa wa kwanza, ule ulioutafuna pembe.

Kosa la kwanza nililifanya kwenye mto, nawe uliniambia. Nilikwenda kusimama juu ya tuta la kuzuia maji nikautazama Mkondoa unavyokata kona nyuma ya choo chetu, nikauchora kwa chaki jinsi nilivyouona. Kona ile ni kali. Kitambaa ukikikata kwa kufuata uzi hakikubali kona kama ile, kinajikunja. Basi nikakikata kile kitenge cha buluu mshazari chote, kipinde kwa raha. Ukanishika mkono. "Mama, mshazari urefu wote huo utavutika." Nikakujibu, "Nimezungusha pindo za shingo kabla sijakuzaa wewe." Ukaniachia mkono. Ulikuwa na haki, na nilijua una haki mkasi ukiwa bado mkononi. Lakini mto ulikuwa umepinda vizuri mno, Zuhura. Nilipenda unavyopinda.

Halafu siku ya kulitandika. Ustadhi alitupa sakafu ya madrasa asubuhi, mradi tuondoke kabla watoto hawajaja. Tukatandaza bitana uso chini, tukaibana kwa utepe wa gundi kwenye saruji. Juu yake pamba. Juu ya pamba tukashusha blanketi lenyewe, sisi watatu, mimi, wewe na Bi Tatu, tumeshika pembe kama watu wanaoshusha kitu kizito. Ningekusikiliza tungeanza katikati, maana ndivyo ulivyoniambia wewe mwenyewe umeona kwenye simu. Anza katikati, bana pini, sogea nje kidogo kidogo, ziada yote itoke pembeni. Mimi nikasema hapana, pembe kwanza. Nilitaka pembe zikae sawa, kwa kuwa pembe ndizo mteja atakazoziangalia.

Tukabana pini za nepi pande zote, tukaingia ndani kwa magoti. Ziada ikakosa pa kwenda. Tulipofika kwenye mto ukawa umefura, na pale kwenye kona, juu ya nyumba yetu hasa, ukasimama kama ngumi chini ya shuka. Bi Tatu akaukandamiza kwa kiganja. Ukalala, ukainuka pembeni kidogo. Akaukandamiza na huko. Ukarudi pale pale.

"Mama Zuhura," akasema, "mto umekuja kwenu."

Akacheka peke yake. Wewe uliinuka ukaenda kusimama mlangoni ukiangalia nje, na mgongo wako niliuona umekaza. Jioni ile, tukiwa kwenye chakula, ukasema, "Dodoma siendi. Nitakwenda mvua zikiisha." Nafasi ya chuo haisubiri mvua, ulijua. Nikamtazama baba yako aseme neno. Akamega ugali wake. "Akitaka kubaki abaki. Kwao hapa."

Nami nikanyamaza. Nikwambie kitu kuhusu kunyamaza kwangu, maana nisingependa uondoke nako. Niliolewa nikiambiwa mke mwenye heshima hasemi mara mbili. Nikaona ni vyema, nikasema mara moja tu. Halafu nikaona hata hiyo mara moja ina kelele. Kwa hiyo ninapoona jambo limeanza kufura nalikandamiza kwa kiganja, nasogea, nalikuta mbele. Wewe ukiona kitu kimefura, kwa mume, kwa mwenzako wa chumba, kwa mwalimu, kiseme pini zikiwa hazijaingia. Utaonekana una mdomo. Sawa, uwe na mdomo.

Yale mafuriko ya utotoni unakumbuka matope tu, na biskuti tulizogawiwa pale shuleni tulipolala kwenye mahema. Mimi nakumbuka kwamba siku ile jua lilikuwa linawaka. Hakukuwa na wingu Kilosa nzima. Nimeanika nguo. Baba yako akaja mbio kutoka relini, akakuweka mabegani, akaniambia, "Acha vyote." Nikabeba kichwa cha cherehani. Maji yalikuja kimya, yana rangi ya chai ya maziwa, yakapita sebuleni na kutokea jikoni bila kugonga mlango. Tuliporudi yalikuwa yameacha mstari ukutani, juu ya kifua changu.

Na unakumbuka nilifanya nini. Nilinunua rangi. Hatukuwa na kitanda, hatukuwa na sufuria ya maana, mimi nikapaka ukuta, nawe ukanishikia kopo. Nilitaka mtu akiingia asione mstari. Pembe kwanza. Kila kiangazi mstari ule unarudi, wa kahawia, unapenya juu ya rangi, nami kila mwaka naupaka. Hivi ninavyoandika nauona. Mwaka huu umerudi mapema.

Sitaki kukutisha, lakini umri wa kufichwa umekwisha. Kamba ya kisima nimeifupisha mara mbili mwezi huu, na mvua hapa haijanyesha ya kusemwa. Shimo la choo maji yamepanda kutoka chini. Kule kwenye kona tuta limeliwa, matete aliyoyapanda baba yako yanainama upande wa mtoni, mizizi iko nje. Kijana wa wafugaji anayetuletea maziwa alikuja juzi kutuaga. Nikamuuliza, "Mnahama mapema hivi?" Akasema, "Mzee amesema ng'ombe wamekataa kulala chini, mama." Nikamwambia baba yako. Akasema ng'ombe hawakujenga tuta, aliyejenga ni baba yake na wenzake wa reli, na limewaona wengi wakikimbia na kurudi kwa aibu.

Usimchukie. Babu yako aliletwa huku na kazi ya reli, naye baba yako hana kaburi la mzazi mahali pengine popote tunapopajua. Kumwambia baba yako ahame ni kumwambia hana kwao. Ninalielewa hilo kila siku, na kila siku naogopa.

Basi turudi kwenye blanketi. Baada ya siku ile tulitoa pini zote, na siku mbili nikapambana nalo hapa nyumbani. Niliupiga mto pasi ya mkaa. Nikaunyunyizia maji nikaukandamiza kwa pasi ya moto mpaka ukatoa mvuke, nikasema utasinyaa. Mshazari ukiupiga pasi kwa kuusukuma unavutika zaidi, hilo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua. Ukazidi. Nikazidisha moto. Ndiyo ile alama ya kuungua uliyoiona karibu na reli, ukaniuliza nami nikasema ni moshi. Mikono yangu ilikuwa na hasira na kitambaa kisicho na kosa. Nilikikata mwenyewe.

Leo asubuhi ulipoondoka nilirudi madrasa na Bi Tatu. Tukatandika upya. Bitana, pamba, blanketi. Safari hii nikaanza katikati. Lilikaa vizuri mpaka Bi Tatu akaacha mizaha yake. Tukasogea nje, nje, mpaka kwenye kona, na pale ngumi ikainuka.

Nikakaa chini nikaiangalia. Zuhura, Ustadhi akisikia ninayoandika atasema nimeanza ushirikina, na mimi najua kitambaa hakijui kesho. Ila mto ule niliuchora nikiutazama wenyewe, na kona ile niliikata kali kwa sababu ndivyo ilivyo. Pale panapopinda sana ndipo kitambaa kinapovutika sana. Na maji pale ndipo yanapopiga. Hakuna uganga hapo. Ni mkono wangu ulisema kitu ambacho mdomo wangu ulikikataa.

Nikachukua kifumulio. Bi Tatu akauliza, "Unafanya nini, shoga?" Nikasema naufumua mto pale kwenye kona, pande zote mbili, nauachia. Nitaona unataka kulala wapi. Nikafumua uzi mmoja mmoja. Halafu nikaondoa mikono.

Ulijilaza wenyewe. Ulitanuka kama mtu anayenyoosha mguu, ukalala kabisa, hauna hata kunyanzi moja. Ulilala juu ya nyumba yetu. Ulifunika mlango na kuta, ikabaki ncha ya paa, ile kaki.

Bi Tatu akaweka mkono kinywani. Baadaye akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Basi isogeze nyumba, mama. Ishone huku juu." Nikamwambia nyumba haiko huko juu.

Nikaifumua yote, nikaitoa. Mto nikaubana mahali ulipochagua. Tukapiga bandi blanketi zima, mistari mirefu ya uzi mweupe ya kushikilia tu, kutoka katikati kwenda nje, na halikuinuka tena popote. Unaweza kupitisha kiganja kutoka Kilosa mpaka kwa tembo bila kukwama. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifanya, na sikuweza kuifurahia.

Baba yako ndiye aliyekuja na mkokoteni kulichukua. Tulikuwa hatujalikunja. Alivua viatu akaingia, akalizunguka taratibu. Akaiona reli, akaigusa. Akaiona nyumba ya Bi Tatu, akasema, "Hii kubwa kuliko ya balozi," Bi Tatu akajibu, "Nililipia kwa khanga ya marehemu." Halafu akapiga magoti kwenye kona. Akapapasa pale kwenye buluu, akatafuta kwa vidole kama mtu anayetafuta pini iliyodondoka. Nilisubiri aniulize. Nilikuwa nimejipanga, safari hii nijibu.

Alikaa pale mpaka tukasikia watoto wa madrasa wakivua ndala nje. Akainuka, akavaa viatu. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Treni ya mtoto saa ngapi?"

Nikamwambia ya asubuhi.

"Asibaki."

Hilo tu, na jioni ulipoingia alikwambia neno hilo hilo, ukafunga begi. Tulipofika nyumbani nilibeba cherehani nikaipeleka kwa dada yake Bi Tatu kule mlimani. Nilirudi nikiwa tayari kwa ugomvi. Baba yako akanitazama, akatazama pale cherehani ilipokuwa inakaa, akasema, "Na godoro la pili lingekwenda." Sijui kama ni kuhama huko. Sitakuahidi kitu nisichokijua. Atachelewa, nami sitamwacha. Lakini godoro limekwenda, na mdomo wangu nimeufungua kwako hapa, na kesho nitaufungua mbele yake, na keshokutwa.

Sasa sikiliza, mama. Nimekufungia kipande cha nguo ndani ya khanga nyekundu, chini ya nguo zako. Ni nyumba yetu, nimeitoa nzima, haijakatika. Ukipata muda itie pamba, itie bitana, ishone. Usiianze pembeni.

Na jingine, ndilo lililonikalisha hapa. Wewe ulitaka kubaki ili utulinde. Lakini maji ya Mkondoa hayatoki Kilosa. Yanatoka huko huko unakokwenda, Dodoma na vilima vyake. Mvua ikinyesha kwako usiku, sisi huku tunaamka na jua, tunaanika nguo. Siku ile ya biskuti hatukuwa na mtu wa huko. Safari hii tutakuwa naye. Kwa hiyo ukisikia mabati ya bweni yanapigwa mvua, ya nguvu, ya kuendelea, usione aibu ya saa, usiogope kumwamsha baba yako. Piga simu. Piga mpaka mmoja wetu apokee. Sema, "Inanyesha," inatosha, tutajua la kufanya, na baba yako hajawahi kuibishia sauti yako.

Tusipopokea, mpigie Bi Tatu. Naye asipopokea, usije kituoni. Usipande treni kuja kututafuta. Soma dua, shika hicho kipande, ukae hapo hapo ulipo.

Nasikia mtu anatembea nje. Ni baba yako, ana tochi, anakwenda tena kuliangalia tuta. Ameacha mlango wazi.

Mwenyezi Mungu akutangulie, mwanangu. Akufikishe mahali pakavu.

Mama yako